Kikaratasi Kilichosomwa Hekaluni

Mtu akitaka samaki wa mtungini wa kweli pale kijijini Nong Khem, haulizi njia, anafuata pua. Nyuma ya jiko la Lamduan imepangwa mitungi kumi na tisa, kila mmoja umefungwa nailoni na mpira, na humo ndani samaki wadogo wa mtoni wamelala miezi minane katika chumvi na pumba za mchele. Wanunuzi hutoka mbali, hata mji wa wilaya. Humsifu, humwomba apunguze bei, kisha huondoka wameziba pua. Lamduan amezoea. Ana miaka arobaini na moja, mabega mapana, mikono iliyochubuliwa na chumvi, na ulimi usiopenda kazi nyingi.

Mwanamke mkimya watu humfanya stoo. Kila mtu anaweka kwake kile asichotaka kionekane nyumbani kwake mwenyewe, halafu siku mlango ukifunguka, wote wanashangaa kana kwamba vitu ni vyake. Ndivyo alivyofanyiwa Lamduan, tena na watu aliokuwa akiwapikia.

Mumewe, Thawin, yuko Taiwan mwaka wa sita sasa, kiwanda cha skrubu, na hurudi kila mwezi wa nne kwa majuma mawili ya mwaka mpya wa kwao. Watoto wao wawili ni wakubwa, mmoja chuo cha ufundi, mwingine bweni la sekondari. Nyumbani amebaki Lamduan na mama mkwe, bibi Khian, aliyepigwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita. Upande wa kulia haufanyi kazi, maneno yanatoka moja moja na kwa shida, lakini masikio ya bibi Khian ni mazima kabisa. Hilo watu hulisahau. Lamduan humwogesha kila asubuhi, humgeuza, humlisha wali wa kunata kwa vidole, na jambo hilo hakuna aliyewahi kumshukuru kwalo, kwa kuwa mkwe anatakiwa afanye.

Nyumba ya pili ni ya Buala, dada yake Thawin. Ana miaka arobaini na saba, hakujaliwa mtoto, mumewe alishafariki, na maisha yake yote ni jiko la hekalu. Ana mwandiko mzuri kuliko mtu yeyote kijijini, na watawa humpa yeye kuandika matangazo. Lamduan alimpenda. Kwa miaka ishirini hakuwa na rafiki mwingine.

Mwaka huo Thawin alikuja, akarushiana maji na vijana barabarani kama mtoto, akalewa, akalia alipoagana na mama yake, akaondoka. Mwezi wa tano ulipokaribia kwisha Lamduan alijua. Alinunua kipimo mji wa wilaya ili muuza duka wa kijijini asione, na alipokiona kimeweka mistari miwili, akakaa juu ya mtungi mtupu uliopinduliwa mpaka miguu ikafa ganzi. Moyoni alikuwa ameshaamua. Mara mbili alijifungua kwa kupasuliwa, mara ya pili nusura afe. Na nani angemwinua bibi Khian wakati yeye mwenyewe anainuliwa? Lakini kitu kimoja alikitaka, na ndicho alichokitaka mpaka mwisho: uamuzi huo uwe wa watu wawili. Alishaona wanawake walioachwa wabebe neno kama hilo peke yao.

Alimpigia Thawin asubuhi, akiwa katikati ya kumwogesha bibi Khian. Mikono ilikuwa na sabuni, akaiweka simu juu ya ndoo, sauti ikawa wazi chumba kizima.

"Mume wangu, nina mimba."

Mashine zilisikika nyuma ya Thawin. "Lamduan, mimi naenda arobaini na saba. Mkataba bado miaka miwili na nusu. Wewe uko na mama kitandani. Nenda ukatoe."

"Unasema hivyo kweli?"

"Nasema. Si lako peke yako, ni letu mimi na wewe. Ila tusimwambie mtu."

Lamduan alimkausha mama mkwe mgongo. Bibi Khian alikuwa anatazama dari.

Hospitali ya wilaya muuguzi alimsikiliza bila kuinua kichwa, akasema hapa hatufanyi, daktari hataki. Kisha, kama anayeona haya, akamwandikia namba ya kliniki ya wanawake mkoa wa pili. Sheria imesharuhusu, ila ruhusa ya sheria na daktari wa karibu nawe ni vitu viwili tofauti. Safari ya saa tatu kwa basi ilihitaji sababu na mwenzi wa njia, basi akamwambia Buala. Kijiji kikaambiwa Buala anakwenda kupimwa macho, na jirani akakaa na bibi Khian kutwa.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, kwa hiyo hata uongo wao ulipata mahali pa kukaa. Lamduan alivaa blauzi mpya na bado aliogopa ananuka mtungi. Mshauri alikuwa muuguzi mnene mwenye kicheko cha chini, jina lake Phikun, ambaye alimkaribisha, akavuta pumzi, akauliza, "Dada, wewe unatengeneza samaki? Hiyo ni harufu ya nyumbani kwetu. Safari ijayo usije mikono mitupu." Lamduan akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mistari miwili.

Phikun hakumharakisha. Baada ya kipimo cha picha alisema mimba ina wiki tisa. Akamweleza kwamba anaweza kuendelea nayo, na akichagua hivyo watamwunganisha na kliniki ya wajawazito na daktari anayejua habari ya makovu yake. Anaweza kujifungua na mtoto akalelewa na ndugu, au na makao ya watoto ya serikali. Au anaweza kuitoa, na kwa wiki hizo kuna njia mbili: vidonge, vinavyofanya kazi kwa siku moja au mbili, damu ikitokea nyumbani, au kufyonzwa hapohapo kwa dakika kumi hivi baada ya sindano ya ganzi. Aliposema mtoto akalelewa na ndugu, Buala alikuwa ameketi kando na mkoba mapajani. Aliutazama mkoba. 

Kisha Phikun alimwomba Buala atoke kidogo, maana lipo swali ambalo kila mwanamke huulizwa akiwa peke yake. Buala akashuka kutafuta uji. Swali lilikuwa kama kuna mtu anamlazimisha. Lamduan alisema hapana, akatoa simu, akampigia Thawin.

"Sihitaji ruhusa yake, dada," Phikun alimwambia. "Hapa anayeulizwa ni wewe."

"Najua. Nataka tu asikike."

Na Thawin alisikika. Alimwambia muuguzi kwa adabu zote kwamba ndiyo, wameelewana, amtunzie mke wake. Lamduan alichagua kufyonzwa. Hakuweza kutokwa damu siku mbili nyumbani huku akimwinua mgonjwa. Yalikuwa kama maumivu ya hedhi, makali kidogo, kisha yakaisha. Alipumzika saa mbili, akawekewa kipandikizi cha kuzuia mimba mkononi, akaelezwa kwamba akilowanisha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, au akipata homa, apige simu bila kuona aibu. Phikun alimpigia mwenyewe baada ya majuma mawili, akauliza afya, akauliza na samaki.

Watu wanapenda kusikia kwamba mwanamke wa namna hiyo hukonda kwa majuto. Lamduan hakukonda. Alilala vizuri kuliko alivyolala tangu mwaka mpya. Ila siku nyingine akiwa anakanda chumvi na samaki, aliwaza kidogo kuhusu kile kilichopita, bila kulia, na akaona si vibaya nacho kikipewa chakula sikukuu ya wafu ikifika.

Mwezi wa tisa wa mwandamo, kabla hakujapambazuka, kila nyumba Nong Khem huweka chini vifurushi vya wali, samaki na tambuu vilivyofungwa kwa jani la mgomba, chakula cha wafu. Jua likichomoza watu hupeleka sahani hekaluni, na juu ya kila sahani kuna kikaratasi: anayetoa ni nani, anayepelekewa ni nani. Mtawa mkuu huvisoma vyote kwa kipaza sauti ili baraka isipotee njia, kisha huvichoma. Siku kumi na tano baadaye, mbalamwezi ikijaa, hufanywa hivyo tena. Na kwa wafu ambao mtu hawezi kuwataja kuna maneno yanayojulikana na kila mtu: kwa wote wasio na jina. Hakuna anayeuliza ni nani hao.

Lamduan hangeweza kumwacha bibi Khian. Alifunga sahani yake, akampa Buala, akasema, "Dada, niandikie kwa wote wasio na jina."

"Nitaandika," Buala akasema.

Saa mbili asubuhi alikuwa anamwogesha mama mkwe, kipaza sauti cha hekalu kikiunguruma juu ya mapaa yote, majina ya marehemu yakipita moja moja, babu wa fulani, mjomba wa fulani. Mtawa mkuu ni mzee wa miwani mizito, husoma kilichoandikwa bila kufikiri, kama asomaye bei.

"Kutoka kwa Lamduan, mke wa Thawin," alisoma, "kwenda kwa mtoto wake aliyemtoa tumboni mwezi wa sita, asimkasirikie mama yake."

Kisha akasoma kinachofuata. Kitambaa kilimwanguka Lamduan majini. Kwa majirani, sauti ya kinu ilinyamaza.

Buala aliporudi na sahani tupu alimkuta Lamduan amesimama mlangoni.

"Nilikwambia uandike nini?"

"Bila jina haifiki, Lamduan. Ungemnyima mtoto mara ya pili."

"Nilikwambia uandike nini?"

Hapo Buala alivimba. Miaka yote ya kunyamaza ikamtoka usoni. "Yule muuguzi alisema ndugu anaweza kulea. Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Hukunitazama hata."

"Ulikuwa na mdomo, dada. Ungesema."

"Mtu anaombaje kitu kama hicho?"

Sidhani kama swali hilo lina jibu. Lakini kuumia kwa mtu ni jambo moja, na kuandika jina la mwenzako kwa mwandiko mzuri na kulipeleka kwenye kipaza sauti ni jambo jingine. Buala alijua kabisa kwamba kijiji kizima kinasikiliza. Buala aliingia kwake akafunga mlango.

Jioni ileile akaja Thongdi, kaka mkubwa wa Thawin, mtu ambaye hata akiomba chumvi anaomba kwa kelele. Waliketi sebuleni pembeni ya kitanda cha bibi Khian, Buala naye akaja akakaa karibu na mlango. Thongdi aliuliza kwa nini damu ya ukoo wao imemwagwa bila mwenyewe kujua. Lamduan akasema, "Mwenyewe anajua. Mpigie."

Alilisema kwa utulivu kabisa. Hakuwa na shaka hata kidogo. Thongdi akapiga, akaweka sauti wazi, akaeleza yote, akauliza, "Ulijua, hukujua?"

 Mashine zilisikika.

"Kaka, mimi ndiyo kwanza nasikia," Thawin alisema. "Mke wangu hakuniambia kitu."

Lamduan angesema nini?   Hakuna kilichoandikwa popote, Thawin hapendi kuandika, hupiga simu tu. Buala akamtazama kwa jicho jipya. "Uliniambia anajua," akasema. "Sasa nimwamini nani, wewe au ndugu yangu wa tumbo moja?"

Ndipo Lamduan alipogeuka kwa bibi Khian. Mama huyu alisikia kila neno siku ile, sabuni ikiwa mgongoni. Neno lake moja lingetosha. Bibi Khian alimtazama mkwe wake muda mrefu, halafu taratibu, kwa upande wake mzima, akageukia ukutani.

Thongdi akatoa hukumu yake. Kutengwa hatatengwa, maana mama anahitaji mtu wa kumhudumia, ila asahau kwamba ana heshima katika nyumba hiyo. Akanywa maji yaliyomiminwa na huyohuyo asiye na heshima, akaondoka.

Siku zilizofuata wanunuzi walipungua. Waliokuja hawakuomba wapunguziwe bei, na hilo ndilo lililomuuma, maana watu hubishania bei na mtu wanayemhesabu kuwa mwenzao. Thawin alipiga simu siku ya tatu, sauti laini kama ya mchumba. Alisema amwelewe, angewezaje kukiri mbele ya kaka, wangemwona mwanamume gani, Lamduan avumilie tu, watu watachoka kusema. Angemletea kitu kizuri mwaka mpya. Lamduan alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema ni letu," akamwambia.

"Ni letu. Ila wewe ndiye uko huko."

Lamduan akakata simu.

Alimpigia Phikun pia. Aliuliza kama anaweza kusema alichokisikia kliniki siku ile. Muuguzi akasema, "Ukiniruhusu kwa maandishi ya mkono wako, dada, nitasema, haki yako. Ila wakishajua mimi ni mtu wa kusema, watakuja kwangu kuuliza habari za mwingine." Lamduan alifikiria wale wanawake aliowakuta wakingoja kliniki siku ile, wameinamisha nyuso. Akasema basi, aache. Ilimshangaza kwamba mtu pekee aliyemtunzia neno lake alikuwa mgeni aliyeonana naye siku moja.

Asubuhi moja, Lamduan akimkausha vidole, bibi Khian aliongea. Ilimchukua muda kulitoa kila neno.

"Nilisikia. Lakini... ni mwanangu."

 Lamduan alimaliza mkono wa kulia, akamaliza wa kushoto, akamvisha, akamwaga maji nje.

Mbalamwezi ilipojaa hakumpa Buala sahani. Alitandika godoro kwenye kitoroli cha pikipiki, kile cha kubebea mitungi, akamnyanyua bibi Khian akamlaza humo, akamfunika mwavuli. Mama huyo alikuwa hajaliona hekalu miaka mitatu. Alipouliza wanakwenda wapi, Lamduan alimwambia wanakwenda kulisha wafu. Kitoroli kilipoegeshwa kando ya ukumbi wa hekalu watu walisogea, nao wakapata nafasi kubwa kuliko walivyohitaji. Lamduan akapiga magoti, akaweka sahani, na juu yake kikaratasi alichoandika mwenyewe kwa herufi zake kubwa za kitoto.

Buala alikiona, akanyoosha mkono kama anayetaka kukipanga vizuri. "Usikiguse, dada," Lamduan alisema. "Ulinifundisha mwenyewe kwamba bila jina haifiki. Nimeandika yote."

Mzee wa miwani akafika kwenye kile cha Lamduan, akakisogeza karibu na macho, akasoma kama asomavyo siku zote, na kipaza sauti kikakipeleka mpaka nyumba ya mwisho.

"Kutoka kwa Lamduan na Thawin, mke na mume, kwenda kwa mtoto wao. Walikubaliana wote wawili kwa simu. Baba ndiye aliyetamka neno. Mama yake baba alikuwa anaogeshwa, alisikia."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama bibi Khian kwenye kitoroli chake. Thongdi alisimama, kisha akakaa tena. Buala alibaki na mkono hewani.

Watawa wakaanza dua, na kama desturi ilivyo, watoaji wakamimina maji kutoka katika chupa ndogo kwenda kwenye bakuli, na ndugu zao wakawashika kiwiko au bega ili washirikiane katika baraka. Lamduan alimimina karibu na kitoroli. Hakuna aliyemgusa. Maji yalipofika nusu alihisi kitu kwenye kiwiko, vidole vyepesi, vya mkono wa kushoto, vile anavyovikausha kila asubuhi. Hakugeuka. Hakuuondoa ule mkono, wala hakuusamehe. Aliendelea kumimina mpaka chupa ikaisha.

Walikuwa bado hawajafika lango la hekalu simu ilipoanza kulia mfukoni mwake. Ilikuwa ni Taiwan. Mtu alishampa habari, huenda kabla mtawa hajamaliza kusoma. Ikalia, ikakata, ikalia tena. Lamduan alisimamisha pikipiki kando ya barabara, akashuka, akaigusa simu ikafunguka, sauti ya Thawin ikaanza kumwaga maneno akiwa hajaiweka hata sikioni.

Aliiweka kwenye ule mkono wa kushoto wa bibi Khian, akavifunga vidole vyake juu ya simu kimoja kimoja.

"Pokea wewe, mama," akasema. "Ni mwanao."